Mtu wa Sita

Alitukusanya Ruwi saa kumi na moja na nusu alfajiri,
akatuhesabu kwa kidole kama vifaranga:
Wajerumani wawili, mama wa Kerala na mwanawe,
mzee wa Manila mwenye kofia ya besiboli,
na mimi, wa sita, nimekumbatia sweta
katika joto lisilojua sweta ni nini.

"Naitwa Mundhir. Leo mlima ni wangu, kesho wa mwingine."
Wakacheka. Nikacheka pia,
ila niliujua mzaha ule:
huvaliwa kila siku kama kandambili,
umelika upande wa kisigino.

Birkat al-Mauz askari alichungulia magurudumu.
Baada ya hapo barabara ikaanza kujikunja,
masikio yakaziba, yakazibuka,
na mtoto wa Kerala akatapika kwenye mfuko wa mkate,
kwa adabu, bila sauti.

Baba yangu alipanda mlima mara mia mbili na kumi na moja.
Si huu. Ule wa kwetu, unaoonekana ukitoka chooni
kabla mawingu hayajaamka.
Kilo ishirini mgongoni, zimepimwa getini kwa mizani ya ndoano,
na zile zisizopimwa: trei ya mayai, viti vya kukunja,
beseni la kuogea la bibi mmoja wa Uholanzi.
Siku moja alirudi na nusu ya chokoleti,
akaikata kwa wembe vipande saba.
Mimi geti lenyewe sijalivuka.
Mlima ulikuwa kazini kwa baba,
na nani huenda kutembea kazini kwa baba yake?

Sasa niko Saiq, mita elfu mbili,
nimetoa reali thelathini na tano za mshahara wa maabara
ili nioneshwe baridi.
Nikavaa sweta. Baridi ikanitambua,
ikaniingia puani na jina langu la nyumbani.

Tuliona mawaridi yakipikwa kama wali
katika chumba cheusi kwa masizi;
maji yake yananukia moshi kwanza, ua baadaye.
Tuliona falaji, maji yakienda shambani kwa zamu,
hakuna anayeyasukuma.
Kisha ngazi za kijiji kilichohamwa,
na mzee wa Manila akashika goti.
"Shwaya, shwaya," Mundhir alimwambia,
akachukua begi lake bila kuombwa,
akaliweka bega la kushoto.
La kushoto, kama baba.
La kulia lilikuwa limeshakwisha.

Ukingoni, genge likishuka mpaka macho yanakataa,
Mjerumani aliuliza kama hachoki na mandhari haya.
"Nani huchoka na kazi ya Mungu?" akajibu,
na wote wakaridhika, wakapiga picha.
Mimi niliona kiatu chake, soli imefungwa kwa utepe wa fundi umeme.
Kwa Kiarabu changu cha hospitali nikamuuliza:
jana ulilala saa ngapi?

Akanitazama kama nimemvua kofia.
"Saa nane usiku. Mke wangu amejifungua Jumanne."
Hakuongeza mzaha.
Upepo ulipita kati yetu, ukaenda zake bondeni.

Kurudi, gari zima lililala isipokuwa dereva, ambaye ndiye yeye,
na mimi, niliyekaa macho ili asiwe peke yake.
Ruwi alituhesabu tena: nne, tano, sita.
Baba husema bakshishi huijui kwa hesabu,
huijua kwa namna mkono unavyokuja.
Nilimpa kwa mikono miwili.
Kiasi gani, hayo ni yangu na yake.

Usiku nikampigia baba, nikamsimulia yote.
Akauliza jambo moja: "Mpagazi alikuwa nani?"
Nikamwambia hakuna, gari ndilo lililobeba.
"Hata maji?"
"Hata maji."
Akanyamaza, nikamsikia akijikuna bega.
"Basi huo si mlima, mwanangu," akasema.
"Hiyo ni barabara iliyosimama."