Miezi Tisa Iliyobaki

Aliingia Jumanne ya theluji chafu,
akakung'uta viatu mara tatu mlangoni
kama anayeiomba radhi sakafu.
Bi Wiesława Pająk, mshonaji wa mapazia
nyuma ya stesheni ya Bydgoszcz.
Akatoa simu mkobani, imeviringishwa leso,
akaifunua taratibu:
kioo kimepasuka kona hadi kona,
kama barafu ya mto Brda mwezi wa Machi.

"Nataka ile."
Kidole chake kikagusa kabati
pale ilipolala ile nyembamba, ya bluu,
yenye macho matatu mgongoni.
Moyo wangu ukaruka. Ilikuwa tarehe ishirini na sita,
na kwenye ubao wa meneja
mbele ya jina langu palikuwa na sifuri,
imekolezwa wino mara mbili.

Nikafungua mkataba wake.
Zloti themanini na tisa kwa mwezi,
miezi ishirini na minne;
kumi na mitano imekwisha liwa, tisa ingali mezani.
"Ukitoka leo, unalipa mia nane na moja.
Halafu mpya ni mia na hamsini tu kwa mwezi,
miaka miwili."
Nikalitamka lile "tu" kama nilivyofundishwa,
jinsi muuguzi anavyosema "haitauma"
sindano ikiwa tayari mkononi.

Yeye hakuwa na haraka.
Akageuza risiti ya duka la dawa, akaomba kalamu,
akapanga tarakimu kubwa zenye mikia,
akajumlisha huku midomo inacheza.
"Elfu nne mia nne na moja.
Hayo ni madirisha themanini na manane
ya nyumba za watu,
na zloti moja inabaki."

Kisha akainua macho.
"Miezi tisa! Nilimbeba Jagoda miezi tisa,
miguu imevimba, joto la Agosti,
wala hakuna aliyeniuliza
kama ningependa kumbadilisha mapema."

Nikacheka. Kucheka hatukufundishwa.
Nikajikaza, nikamsifia kamera:
inapiga picha hata gizani.
"Gizani mimi hulala," akasema.

Lakini hakuondoka.
Aliitazama tena ile ya bluu, akaegemea kioo
mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.
"Dada yangu Bogna anayo.
Kila sikukuu yeye ndiye mpiga picha wetu,
yeye ndiye anayechagua za kututumia,
na kila mara mimi nimefumba macho."
Hilo nalo lina bei yake,
na mashine yangu haikuwa na kitufe chake.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

"Na wewe, kijana, unatumia ipi?"

Yangu ilikuwa ndani ya droo,
imefungwa utepe wa gundi, chaji asilimia kumi na moja,
nayo si yangu hasa, niliazimwa na shemeji.
Ile yangu, ile niliyoibadilisha mapema
kwa sababu ya rangi,
ilizama chooni majira ya joto,
na kila tarehe tano bado nailipia.
Kukopa harusi, kulipa matanga.

Ningeweza kudanganya. Bei ya uongo
ilikuwa imo ndani ya mshahara.
Nikavuta droo.

Akaiangalia kimya,
kama mtu aliyeonyeshwa picha ya eksirei
ya mgonjwa asiye wake.
"Kioo peke yake ni kiasi gani?"
"Mia mbili na thelathini. Ila si hapa.
Kwa Zenon, chini ya daraja, mkono wa kushoto."
Sauti iliyosema hivyo ilikuwa yangu;
niligeuka kutazama kama meneja yupo.

Akaifunga simu yake katika leso, fundo mbili,
akatoka, na theluji ikaingia kidogo mahali pake.
Sijui kama alifika darajani.

Risiti aliisahau kaunta.
Chini ya ile jumla, kwa herufi ndogo,
ameandika "Bogna", akalikata kwa mstari,
kisha pembeni
akaliandika tena.