Ng'ombe wa Ghorofa ya Tano

Saa tisa usiku, Pipeline, mwezi wa Julai.
Kifua cha Kerubo kinapiga mluzi,
mbavu zahesabika kila anapovuta.

Nampakata. Dawa, maji ya chumvi, kikombe, mpira, barakoa.
Nikiwasha, mashine inanguruma,
ukungu unamfunika pua.
Yeye huiita ng'ombe.
"Ng'ombe amechoka?"
"Bado, mama. Pumua."

Wafubwa wa chumba cha pili hugonga ukuta:
watu wanalala!
Simjibu. Nahesabu dakika,
jicho kwenye mita:
uniti moja, nukta mbili.

Jumanne tokeni ziliisha dawa ikiwa nusu.
Kimya. Giza.
Mluzi ukapanda,
nami nimeshika barakoa kama sahani tupu.

Ukuta ukagongwa, mara hii taratibu.
"Mama Kerubo, mbona ng'ombe amenyamaza?"

Ekstensheni nyeupe, imefungwa plasta mahali pawili,
ikajipenyeza chini ya mlango wangu.
Ng'ombe akalia.

Wafubwa alisimama kizingitini, shuka begani,
akipumua naye bila kujua,
ndani, nje,
mpaka mluzi ukashuka.
Akapiga mwayo. Akaenda.
Waya aliuacha.