Madoa ya Msimu

Kriketi siijui. Nimeifua tu,
miaka kumi na tisa, chini ya jukwaa la Calderby,
chumba bila dirisha, mashine tatu, moja mbovu.
Aliyeijua ni Walter, mume wangu,
akanifia na hesabu zake zote kichwani.
Mimi ninasoma nguo.

Wekundu kwenye paja la kulia: huyo mrushaji,
kutwa ameusugua mpira akiubembeleza ung'ae.
Kijani gotini: amejitupa majanini
kuzuia mikimbio minne.
Udongo kifuani: ameponea chupuchupu mstarini.
Na nguo ikirudi nyeupe kama ilivyotoka,
jua mwenyewe katolewa kwa mpira wa kwanza,
akashinda kibarazani akitafuna kucha.
Huku chini, usafi ndio aibu.

Aprili ilinipa kikapu kikavu.
Mvua siku nne. Wakacheza karata.
Thackray, nahodha, aliniletea soksi zake kwa mkono,
akasema, "Doreen, mwaka huu utachoka."
Nikamjibu kila nahodha husema hivyo,
na mwaka wa hamsini na moja huu
kombe hatujalinusa.

Mei nikachoka.
Juni niliagiza sabuni mara mbili,
mhasibu akaniuliza kama ninaila.
Junaid Lodhi, fundi wa mipira ya kuzunguka,
mtoto wa duka la mazulia mtaa wa pili,
alirudi kutoka kusini vidole vimechanika,
damu kwenye kila mfuko.
Wiketi kumi na moja.
Damu ni maji baridi, nikamfundisha, moto kamwe.
Akaandika kwenye simu yake kama anaandikiwa dawa.

Julai tulipigwa. Siku mbili badala ya nne.
Basi lilirudi usiku, redio imezimwa,
na kikapu, Mungu wangu, cheupe pepepe.
Nilikitazama kama kitanda cha hospitali
kilichokwisha kutandikwa upya.

Tangu hapo Ormerod, mzee wao
(thelathini na minane, ila kwa mrushaji hiyo ni ajuza),
akaanza kuficha bandeji ndani ya suruali.
Hakusema. Sikuuliza.
Goti lina mwenyewe.

Na kulikuwa na Toby Hebden, mbeba maji.
Ishirini na saba, shati lake, msimu mzima
halikupata hata vumbi.
Nilikuwa nalifua hivyo hivyo
lisijione yatima.

Septemba, siku ya mwisho, saa kumi na moja jioni.
Wiketi moja imebaki,
wingu linashuka vilimani kama mdai.
Goti la Ormerod likakataa; akatoka akichechemea,
Toby akaingia kushika nafasi yake uwanjani.
Nilijuaje? Tundu la hewa.
Nilisikia watu elfu sita wakinyamaza.
Nikafanya nisilowahi kufanya:
nikazima mashine, tumbo lake limejaa maji.

Tok. Mti na ngozi.

Halafu kimya kingine,
kirefu, cha mpira uliokwenda juu
na haujaamua.

Halafu dari ikaanza kunidondoshea rangi kichwani,
vipande vipande,
kwa miguu ya watu.

Usiku aliniletea shati mwenyewe,
kijani kutoka begani hadi kiunoni,
macho mekundu, ananukia bia za wenzake.
"Samahani, Bi Doreen, nimelichafua."
Nyamaza wewe, nikamwambia.

Nililisugua siku tatu. Siki, limau, chumvi.
Doa lilipauka, likagoma kutoka.
Sikulazimisha.

Kombe lenyewe sikuliona ila Jumatatu.
Walikuwa wamelisahau juu ya mashine ile mbovu,
limepigwa bonde ubavuni,
na ndani yake soksi moja.

Ya kushoto.
Nikaitoa, nikailoweka.