Kiinua Mgongo

Ijumaa saa tisa bodi ilimaliza kikao,
ghorofa ya saba, Mtaa wa Ohio; chai ilipoa vikombeni.
Nikaletewa karatasi moja: Andaa malipo. Ni siri.

Sifuri nilizihesabu kwa ncha ya kalamu,
nikarudia, kama mtu ashukaye ngazi umeme umekatika.
Mishahara ya miezi thelathini ambayo hataifanyia kazi,
nyumba ya Masaki hadi Juni, gari abaki nalo,
na fidia ya usumbufu.

Usumbufu!
Chang'ombe mitambo miwili imevikwa maturubai.
Manzese ukiulizia sabuni yetu, muuza duka anacheka kwanza.
Bwana Lyatuu alikuta kiwanda kinakohoa,
akabadilisha nembo, akabadilisha rangi ya geti,
akawashonea walinzi sare mpya;
sabuni yenyewe ikakataa katakata kutoa povu.

Machi niliandaa malipo mengine.
Siwatu Mpembenwe, kitengo cha kufungasha, miaka kumi na tisa.
Siku saba kwa kila mwaka, na ikifika kumi
sheria inaacha kuhesabu.
Toa mkopo wa saccos. Toa koti lililopotea.
Alitia dole gumba, akaikodolea macho karatasi:
"Na hii tisa ya mwisho, baba, nilikuwa wapi?"
Nilimpa kitambaa afute wino.

Mwanasheria anasema mkataba ni mkataba,
mliutia sahihi wenyewe, mkapiga makofi.
Kweli. Nilikuwepo, na pilau niliongeza.
Anasema tena: bila mto wa kuangukia
nani angethubutu kupanda juu hivyo?
Neno hilo nimelipima, lina uzito wake.
Siwatu hakupanda popote. Alisimama palepale.
Labda ndiyo maana hakutandikiwa mto.

Kiswahili kimeyaita malipo haya kiinua mgongo.
Mgongo upi?
Wa Siwatu umejikunja kama ndoano kwa kuinamia mkanda;
wa Bwana Lyatuu sijawahi kuuona ukiinama,
ila siku ile alipoangusha kalamu kwenye lifti,
na hata hapo dereva alimuwahi.

Jumatatu nikaingiza tarakimu. Kompyuta ikauliza:
Una uhakika?
Katika jengo zima ni yenyewe tu iliyouliza.
Nikabonyeza. Nina watoto, nina kodi ya nyumba Tabata.

Saa sita akapita kuaga, mlango kwa mlango.
Jina langu hakulijua, akaniita kijana;
nina miaka hamsini na mbili.
Akanipa mkono wa kwaheri, ule wa nyama na mifupa,
mkono laini, mkavu, unanukia sabuni.
Si yetu.