Kipande cha Eufracia

Kwanza alinifundisha kunawa mikono
mara mbili, na katikati kunyamaza.
Eufracia Maestas, miaka thelathini na moja
kwenye sanduku la glavu, juu ya bonde la Española,
ambako Septemba barabara nzima hunukia
pilipili zinazochomwa katika mapipa ya waya.

Kipande chenyewe hakifiki punje ya mtama.
Plutoni, kobalti, galiamu;
cheusi, kama kucha iliyobanwa na mlango.
Kina joto lake chenyewe, dogo,
la kutukera tu tunapokipoza.

Kikiwa kipya tulikishusha katika heliamu
hadi digrii kumi na nane na nusu juu ya sifuri ya mwisho,
na hapo ukinzani ukakatika.
Haukupungua. Ulikatika,
kama mtu aliyekuwa akikoroma chumba cha pili
akaacha, nawe ukaamka kwa ukimya.
Eufracia akaandika kwa penseli. Wino hakuuamini.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako.
Kila ukipepesa jicho, atomi kwa maelfu zinavunjika:
moja hutupa kibonge mbele,
nayo yenyewe, sasa urani, hurudi nyuma kama gobori kuukuu
na kuwapiga kikumbo majirani wasio na habari.
Wengi hurudi mahali pao.
Wengine hawarudi.

Mwezi wa kwanza: kumi na nane, nukta tatu.
Mwezi wa tano: kumi na saba na nusu.
Theluji ikaanguka juu ya Jemez, ikayeyuka.
Kumi na sita na kidogo.
Goti la Eufracia likaanza kugombana na ngazi,
naye ndiye aliyefananisha, si mimi,
akicheka, mkono ukutani.

Siku ya sumaku ndipo nilipokosea.
Nilidhani kilichoumia kitabeba kidogo.
Sumaku iliingia kwa nyuzinyuzi, vimbunga vyembamba
ambavyo katika kipande kipya vingeteleza,
na kuteleza huko ndiko kunakoiba mkondo.
Humu, kila kimbunga kilikuta jeraha
kikanasa.
Mkondo ukapanda. Nikaigonga mita.
Ikasema vilevile.

"Iache mita," alisema. "Wewe ndiye hukuisoma."

Haitadumu hivyo. Majeraha yatazidi,
na kipande kitakuwa chuma cha kawaida chenye sumu.
Nilimuuliza kuhusu tanuri: usiku mmoja wa moto
na atomi hurejea safu zao, kama hakukutokea kitu.
Alifikiri muda mrefu kuliko swali.
"Ukikichoma," alisema, "andika tarehe.
Mtu asije akadhani ni kichanga."

Ijumaa alistaafu. Keki ilikuwa kavu.
Ameniachia daftari
na penseli fupi isiyoshikika vizuri ndani ya glavu.
Leo, Machi: kumi na nne, nukta tisa.
Tanuri ni baridi.
Nimenawa mara moja. Nanyamaza.