Jicho la Kushoto

Umeme ulikatika Pasua saa mbili usiku,
ndizi zikiwa jikoni hazijaiva,
na ndipo Aminieli aliposema.
Giza ndilo lililomtoa aibu, nadhani.
"Aika, jicho la kushoto halioni."

Miaka kumi na tisa nimelala naye.
Nalijua jasho lake, harufu ya chuma kilichoungua,
namna anavyokohoa kabla ya kutaja bei ya geti.
Sikujua kwamba tangu Pasaka
anatafuta kiungio kwa ncha ya kidole,
kwamba chai huimimina akisikiliza kikombe kinavyojaa,
kwamba siku ile aliponirudishia sindano,
"tunga mwenyewe, nina haraka,"
hakuwa na haraka yoyote.

"Mbona hukusema?"
Kimya. Mbwa wa jirani akabweka, akachoka.
"Fundi kipofu nani atampa kazi?
Na wewe," akasema, "na wewe ungenitazamaje?"

Mtu huyu alishuka kisimani kwa kina Kimambo
kumtoa mbuzi, kamba imechakaa, akicheka.
Alipanda paa la kanisa kuchomelea msalaba,
upepo ukilivuta shati lake kama mdai.
Siku hizo hakutetemeka.
Usiku huu nilisikia meno yake.

Nikautafuta mkono wake mezani, nikamwaga chumvi.
Nami, kwa kuwa giza lilikuwa bado lipo,
nikatoa la kwangu:
fedha za kikoba, laki mbili na themanini,
nilizompa kaka yangu, hazirudi.
Miezi sita nimeziziba kwa uongo mdogo mdogo
kama mtu azibaye paa kwa magazeti.

Hakupaza sauti.
"Basi," akasema, "sote tunavuja."
Tukacheka, kicheko kibaya, cha watu wenye njaa.

Umeme uliporudi tuliona haya kutazamana.
Alikuwa amelia kwa macho yote mawili,
hata lile lisiloona.

Asubuhi twaenda KCMC. Mlima umejifunika,
hauna habari na sisi.
Amevaa shati la Krismasi, amelifunga hadi kooni.
Kwenye ngazi nahamia upande wake wa kushoto
bila kuambiwa.
Wanashuka vijana wawili wa karakana ya Kiboriloni,
"Shikamoo fundi!"
Namwona akinyoosha mgongo. Nangoja akohoe.
Hakohoi. Ananishika bega mbele yao
na kusema, kwa sauti ya kuulizia bei ya misumari,
"Marahaba. Aika, taratibu hapo.
Sioni ngazi."