Mraba wa Kumi na Moja

Saa moja na robo, Mtoni Kijichi, maji yamepwa.
Naweka mraba wa kwanza: mabomba manne ya plastiki,
mita kwa mita, gundi ya fundi wa Mtongani.
Ndani ya mraba, hesabu. Nje, bandari inakohoa.

Tondo ishirini na tatu. Mashimo ya kaa arobaini na moja.
Miche mitatu, mmoja umeng'atwa.
Chumvi thelathini na tano. Joto la tope ishirini na saba.
Mwanahamisi anaandika kwa penseli,
maana wino hulia ukilowa.

Hatua kumi. Kamba inatuongoza kuelekea bara.

Mlilana umetangulia, kifua wazi kwa bahari.
Nyuma yake mkoko, magoti juu,
kama mtu anayevuka dimbwi na viatu mkononi.
Kisha msinzi, kisha mkandaa uliobanana,
na mwisho mchu, peke yake penye chumvi kavu,
ukitoa jasho jeupe kwenye majani.
Hakuna aliyewagawia viwanja.
Kila mmoja umesimama pale ulipoweza kuvumilia
na pale jirani alipouachia.

Mraba wa nne, chumvi arobaini.
Mraba wa sita, arobaini na nane.
Hatua ishirini tu, nimevuka nchi mbili
na hakuna aliyeniuliza kitambulisho
isipokuwa kaa mmoja, ananipungia gando lake kubwa
kama anayeita bodaboda ya mbali.

Dokta Kibasila ameomba wastani.
Jioni nitajumlisha, nitagawa, nitampa:
tondo tisa nukta nne kwa kila mraba.
Lakini kamba yote nimeitembea kwa magoti
na sijakuta mahali penye tondo tisa nukta nne.
Wastani ni nyumba nzuri isiyo na mpangaji.
Ndiyo maana chini yake huwa naandika mchepuko,
na Mwanahamisi hucheka kila nikilitamka:
"Kumbe hata tope lina mchepuko!"
Linao, mwanangu. Tena si mmoja.

Mraba wa kumi na moja.

Mwaka jana, bamvua kama hii, tondo kumi na tisa.
Leo kifusi chekundu, nguzo ya mpaka,
chokaa mbichi, namba ya simu ya mtu.
Naweka mraba juu ya kifusi. Kamba haichagui.
Nachakura kwa vidole:
kifuniko cha chupa,
kigae,
nusu ya kitana.
Joto thelathini na tisa.
Chumvi: hakuna maji ya kupima.

"Tuuruke?"
"Andika sifuri."
"Sifuri si kitu, dada."
"Sifuri ni hesabu. Kuruka ndiko uongo."

Anaandika. Anaikoleza mara ya pili,
ya tatu,
penseli inatoboa karatasi
na sifuri inakuwa tundu kweli.

Usiku, Mbagala Kizuiani, naegemeza fremu ukutani.
Vyumba sita, bomba moja.
Aliye karibu na bomba hulipa zaidi,
aliye karibu na choo hahojiwi kodi ikichelewa,
na Mama Sikudhani, katikati,
anauza barafu kwa pande zote mbili.
Nilianza kuchora mstari, kutoka bomba hadi choo.
Nikafuta. Hawa wananijua jina.

Nikaenda kusuuza mabomba.
Kutoka kwenye kona moja, gundi ilipoachia,
akadondoka tondo mdogo, punje ya mchele,
amejifunga mlango.
Wa mraba upi? Wa kwanza? Wa tisa?
Hana mstari kwenye daftari,
na daftari limekwisha kusainiwa.

Nikachukua kikombe, maji, chumvi ya jikoni.
Kipima chumvi kiko ofisini, kabatini, kimefungwa.
Nikaonja kwa ulimi, nikaongeza kidogo,
nikaonja tena.